Kikohozi kwa Amri: Mapenzi na Macho ya Dola katika Trilojia ya *The Hunger Games*

Ikisiri

Riwaya za kidistopia za vijana zenye kisa cha mapenzi zimeenea sana tangu mwanzoni mwa karne ya 21, na uhakiki umekuwa na mazoea ya kukichukulia kisa hicho kama chambo cha soko kinachopunguza makali ya siasa ya kazi husika. Makala hii inayapinga mazoea hayo kwa kuichunguza trilojia ya Suzanne Collins: *The Hunger Games* (2008), *Catching Fire* (2009) na *Mockingjay* (2010). Hoja kuu ni kwamba, tofauti na distopia nyingi ambamo dola huyakataza mapenzi, dola ya Panem huyaamuru, huyatangaza na huyalipa ujira. Kwa sababu hiyo mapenzi hayawezi kuwa maficho ya uhuru. Yanakuwa mahali ambapo mhusika hupoteza, kisha hutafuta upya, uwezo wa kuujua ukweli wa nafsi yake. Makala inachambua uchumi wa zawadi, usimulizi wa nafsi ya kwanza na uharibifu wa kumbukumbu, kisha inaonesha mahali ambapo trilojia inaikimbia hoja yake yenyewe. Mwishoni inapendekeza kwamba mpaka baina ya fasihi pendwa na fasihi dhati uangaliwe upya pale unapochorwa kwa kigezo cha mapenzi.

1.0 Utangulizi

Methali ya Kiswahili husema kwamba mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Ndani yake mna madai mawili. La kwanza ni kwamba penzi ni jambo la ndani, nalo hutangulia dalili zake. La pili ni kwamba dalili hizo hutoka zenyewe, bila idhini ya mwenye kupenda, na ndiyo maana huaminika. Aliyekohoa hahitaji kuapa. Sehemu kubwa ya fasihi ya mapenzi, iwe ya Kiswahili au ya kwingineko, imesimama juu ya madai haya: mhusika hujitahidi kuficha, jamii hugundua, na msomaji hufurahia kujua kabla ya wote. Hata hivyo, methali haisemi lolote kuhusu mtu anayeamriwa kukohoa. Akikohoa kwa amri mara kumi, mbele ya watu, na kila mara akalipwa, yeye mwenyewe atajuaje iwapo kikohozi cha kumi na moja ni maradhi?

Swali hilo ndilo linaloibeba trilojia ya *The Hunger Games* ya mwandishi wa Marekani, Suzanne Collins. Mwandishi huyo ameeleza hadharani kwamba wazo lilimjia alipokuwa akibadilisha chaneli za televisheni, baina ya vipindi vya mashindano ya maisha halisi na picha za vita vya Iraki, na kwamba kisa cha Kiyunani cha Theseus na Minotauro kilimpa umbo la simulizi. Nchi ya Panem, iliyoinuka juu ya magofu ya Amerika Kaskazini, inatawaliwa na mji wa Capitol. Kila mwaka, kama adhabu ya uasi wa zamani, kila moja ya wilaya 12 hutoa mvulana mmoja na msichana mmoja wenye umri wa miaka 12 hadi 18. Vijana hao 24 huuana mbele ya kamera hadi abaki mmoja. Katniss Everdeen, mwenye miaka 16, anajitolea badala ya mdogo wake, Prim. Mwenzake wa Wilaya ya 12 ni Peeta Mellark, mtoto wa mwoka mikate. Nyumbani amebaki Gale, rafiki yake wa kuwinda. Pembetatu ya mapenzi imekamilika kabla Michezo haijaanza.

Hapo ndipo lawama huanzia. Inadaiwa kwamba msichana aliyepaswa kuwa sura ya uasi anageuzwa kuwa msichana wa kuchagua baina ya wavulana wawili, na kwamba wasomaji wanaposhindania nani amfae wanasahau watoto wanaouawa. Lawama hii haitakuwa ngeni kwa wasomi wa Kiswahili. Uhakiki wetu umeitenga kwa muda mrefu fasihi pendwa na fasihi dhati, na katika utengaji huo kisa cha mapenzi, pamoja na uhalifu na ujasusi wa riwaya za akina Elvis Musiba na Ben Mtobwa, kimechukuliwa kuwa alama ya upendwa: kitu cha kumburudisha msomaji wakati hoja nzito zikisubiri mlangoni. Makala hii inadai kwamba, katika trilojia inayochunguzwa, kisa cha mapenzi ndicho hoja nzito yenyewe. Anayekiondoa ili aibakishe siasa atabaki na vita tu, na vita ndiyo sehemu ya trilojia isiyo na upya mwingi.

2.0 Mapenzi Yaliyokatazwa na Mapenzi Yaliyoamriwa

Mapokeo ya riwaya ya kidistopia yamelipa penzi kazi maalumu. Katika *We* ya Yevgeny Zamyatin, iliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1924, dola husajili tendo la ndoa na kulitolea stakabadhi, na mhandisi D-503 huanza kupotoka anapokutana na mwanamke asiyetii utaratibu huo. Katika *Nineteen Eighty-Four* ya George Orwell (1949), kukutana kwa siri kwa Winston na Julia ni tendo la kisiasa kwa sababu Chama hakitaki uaminifu wowote usioelekezwa kwake. Muundo ni mmoja: dola iko nje, penzi liko ndani, na mpaka baina yao ndio unaopiganiwa. Orwell anaumaliza mpaka huo kwa kumfanya kila mpenzi amsaliti mwenzake, na kushindwa kwa penzi ndiko kushindwa kwa mwanadamu.

Riwaya za vijana zilizofuata mafanikio ya Collins zimeurithi muundo huu karibu bila kuugusa. Katika *Delirium* ya Lauren Oliver (2011), mapenzi yametangazwa kuwa ugonjwa, na kila kijana hutibiwa afikishapo miaka 18. Katika *Matched* ya Ally Condie (2010), Jamii humchagulia kila kijana mwenzi wake, na msichana Cassia anavutiwa na mvulana ambaye hakupangiwa. Mtu anaweza kusema kwamba hapa pia mapenzi yameamriwa, lakini sivyo. Kinachoamriwa katika *Matched* ni ndoa. Hisia yenyewe imebaki nje ya amri, safi, ikimsubiri mhusika aitambue. Msomaji wa riwaya hizi hapati shida ya kujua penzi la kweli liko wapi. Liko pale dola isipotaka liwe. Katazo limefanya kazi ya muhuri wa uthibitisho. Methali ya kikohozi inabaki salama kabisa, na Oliver amekwenda hadi kuifanya dhana ya ugonjwa kuwa sheria ya nchi.

Collins ameondoka katika muundo huo. Capitol haina neno dhidi ya mapenzi. Inayapenda, inayalilia machozi, inayanunua. Katika riwaya ya kwanza Peeta anatangaza penzi lake kwa Katniss jukwaani, katika mahojiano yanayorushwa nchi nzima usiku wa kuamkia Michezo. Katniss anakasirika, anamsukuma, na mlezi wao Haymitch anamweleza kwamba amefadhiliwa: sasa yeye ni msichana anayetamanika, na wafadhili watamkumbuka. Baadaye waandaaji wa Michezo wanatangaza kanuni mpya inayowaruhusu wawili wa wilaya moja kushinda pamoja, na penzi linakuwa mkakati rasmi wa kubaki hai. Katika *Catching Fire* Rais Snow anakwenda nyumbani kwa Katniss na kumtaka amridhishe, katika ziara ya ushindi, kwamba anampenda Peeta kweli. Mteremko ni wa hatua tatu: ushawishi, ujira, amri. Katika hatua zote hakuna mahali ambapo mapenzi yanaweza kukimbilia yakawa nje ya dola, kwa kuwa dola ndiyo hadhira yake ya kwanza.

Tofauti hii ina matokeo makubwa ya kimaana. Palipo na katazo, kupenda kunatosha kuwa uasi. Palipo na amri, kupenda kunaweza kuwa utii, na kutopenda pia kunaweza kuwa woga tu. Mhusika amenyang'anywa kipimo. Ndiyo sababu Katniss haonekani kuwa mpenzi mzuri kwa vigezo vya riwaya pendwa: anasitasita, anakwepa, anahesabu. Wahakiki wanaouita usitaji huo udhaifu wa usawiri wanamtaka awe na uhakika ambao ulimwengu wake umeuondoa.

3.0 Supu na Busu: Uchumi wa Dalili

Tukio linaloonesha jambo hili kwa uwazi zaidi linatokea pangoni, katika riwaya ya kwanza. Peeta amejeruhiwa mguu na ana homa. Katniss amemkuta kando ya kijito akiwa amejificha kwa kujipaka matope na majani. Anambusu. Muda mfupi baadaye parachuti inashuka ikiwa na chungu cha supu ya moto. Katniss anauelewa ujumbe bila kuambiwa: busu moja, chungu kimoja. Haymitch, aliye huko nje akizishughulikia fedha za wafadhili, anamfundisha bei ya soko. Kuanzia hapo kila tendo la upole lina upande wake wa hesabu, na Katniss anajikuta akitafuta la kusema ambalo litaleta chakula.

Toleo la filamu la mwaka 2012, lililoongozwa na Gary Ross, limeliongezea tukio hili karatasi yenye maneno ya Haymitch yanayolibeza busu lenyewe. Hadhira ya sinema inacheka, na inajua. Katika riwaya hakuna karatasi. Ipo supu tu, na msichana mwenye njaa anayelazimika kuifasiri. Tofauti hiyo ndogo inabadilisha mahali pa mamlaka. Katika filamu amri inatoka kwa Haymitch. Katika riwaya inatungwa kichwani mwa Katniss, ambaye amejifunza kuwazia anavyotazamwa. Michel Foucault, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu historia ya gereza, alieleza kwamba anayejua kuwa anaonekana daima huishia kujisimamia mwenyewe kwa niaba ya mamlaka. Pango la Collins ni mfano wake wa kifasihi, isipokuwa kwamba mfungwa wa Foucault hujifunza kutulia, na Katniss anajifunza kupenda.

Inafaa kuzingatia pia kinacholipwa. Jina Panem limetokana na neno la Kilatini la mkate, katika msemo wa Kirumi kuhusu watu wanaotulizwa kwa mkate na michezo, na Collins anaufafanua msemo huo katika riwaya ya tatu. Peeta ni mwana wa mwoka mikate. Kumbukumbu ya kwanza inayomfunga Katniss kwake ni mikate iliyoungua ambayo Peeta, akiwa mtoto, alimtupia wakati familia ya Katniss ilipokuwa ikifa njaa, naye akapigwa na mama yake kwa kosa la kuiunguza. Mikate ile haikuwa na watazamaji wa kulipa, na aliyetoa ndiye aliyepata hasara. Hivyo mwandishi ameweka mbele ya msomaji chakula cha aina mbili: mkate uliotolewa kwa gharama ya mtoaji, na supu iliyotolewa kwa faida ya maonesho. Trilojia nzima inaweza kusomwa kama safari ya kuutafuta tena ule mkate baada ya kuinywa ile supu.

Parachuti nazo zina mwisho wake. Katika *Mockingjay*, mabomu yanayowaua watoto mbele ya ikulu ya Snow, na kumuua Prim aliyekwenda kuwatibu majeruhi, yanadondoshwa kwa parachuti za fedha zinazofanana na zile za zawadi. Watoto wanazikimbilia kwa sababu wamezizoea katika televisheni. Chombo kilicholipa busu ndicho kinachomuua dada ambaye Katniss aliingia Michezoni kwa ajili yake. Mhakiki anayekitenga kisa cha mapenzi na kisa cha siasa hawezi kuuona mstari huu, kwa sababu unaanzia upande mmoja na kumalizikia upande wa pili.

4.0 Msimulizi Asiyejijua

Trilojia inasimuliwa kwa nafsi ya kwanza na kwa wakati uliopo. Mbinu hii imekuwa ya kawaida katika fasihi ya vijana, na mara nyingi kazi yake ni kuongeza taharuki na ukaribu. Hapa ina kazi ya ziada. Msimulizi wa wakati uliopita anajua mambo yaliishaje. Akisema alipenda, anasema kama hakimu wa maisha yake. Msimulizi wa wakati uliopo hana kimo hicho. Katniss anasimulia akiwa katikati ya kutenda, na pale ambapo msomaji angetarajia nafsi ya kwanza imfungulie mlango wa moyo, anakuta msimulizi naye amesimama nje ya mlango huohuo akibisha.

Mfano mzuri ni matunda ya sumu yanayofunga riwaya ya kwanza. Waandaaji wanapoifuta kanuni ya washindi wawili, Katniss na Peeta wanajitayarisha kula matunda hayo pamoja, na Capitol, ikihofia kubaki bila mshindi, inawaokoa wote wawili. Tendo hilo linapata wafasiri watatu. Wakazi wa Capitol wanaona wapenzi wasioweza kutengana. Watu wa wilaya wanaona msichana aliyeilazimisha dola irudi nyuma. Rais Snow anaona vyote viwili, na anaelewa kwamba fasiri ya kwanza ndiyo pazia pekee linaloweza kuifunika ya pili. Mfasiri wa nne ni Katniss mwenyewe, na katika *Catching Fire* anakiri kutojua: huenda alifanya kwa penzi, huenda kwa hofu ya kurudi nyumbani kama mtu aliyemuua mwenzake, huenda kwa hasira dhidi ya Capitol. Anajua pia kwamba kila jibu lina thamani tofauti ya kimaadili. Hapa siasa na mapenzi si visa viwili vinavyopokezana kurasa. Ni fasiri mbili za ishara moja ya mkono.

Mbinu hii inamgusa msomaji vilevile. Msomaji anayekisia kama Katniss anampenda Peeta au Gale anafanya kile kinachofanywa na mtazamaji wa Capitol: anaupima uso kutafuta dalili. Furaha anayoipata ni furaha ileile iliyonunua supu. Riwaya haimkemei, ila haimwachi atoke akiwa safi. Mashabiki waliogawanyika makundi mawili, la Peeta na la Gale, wamechukuliwa na wengi kuwa ushahidi kwamba siasa ya trilojia ilipotea sokoni. Ni sahihi zaidi kusema kwamba waliuthibitisha utabiri wake. Kazi iliyobuni jamii inayoshabikia mapenzi ya watoto waliohukumiwa kufa ilikuwa imekwisha kuiandikia nafasi hadhira yake.

5.0 Kutoka Hadhira hadi Shahidi

Kama trilojia ingeishia kuonesha kwamba dola imeuharibu ukweli wa hisia, ingekuwa imeirudia hukumu ya Orwell kwa lugha nyepesi. *Mockingjay* inakwenda mbali zaidi kwa hatua mbili.

Hatua ya kwanza ni kuwahusisha waasi. Wilaya ya 13, inayoongozwa na Rais Coin, inamtaka Katniss awe uso wa filamu fupi za propaganda. Akiwa studio, akisoma maneno aliyoandikiwa, hamshawishi mtu. Haymitch anawaomba waliohudhuria wataje nyakati ambazo Katniss aliwagusa kweli, na inadhihirika kwamba zote ni nyakati ambazo hakupangiwa kitu. Uamuzi unaotolewa ni kumpeleka penye vita halisi, pamoja na kamera. Waasi wameielewa methali ya kikohozi kuliko Capitol: wanajua kwamba dalili isiyo ya hiari ndiyo inayoaminika, kwa hiyo wanaandaa mazingira ya kuizalisha. Hata arusi ya Finnick na Annie, furaha ya kweli pekee katika sehemu hiyo ya riwaya, inapigwa picha kwa ajili ya matangazo. Inapotokea kwamba Finnick huyohuyo alikuwa akiuzwa na Snow kwa matajiri wa Capitol, msomaji analazimika kuviweka vitendo hivyo viwili katika mizani. Havilingani kwa ukatili. Vinalingana kwa imani kwamba hisia za mtu ni mali ya anayeweza kuzionesha.

Hatua ya pili ni mateso ya Peeta. Usiku wa kuamkia Michezo ya kwanza, Peeta alimwambia Katniss kwamba hofu yake ilikuwa kugeuzwa na Capitol kuwa kitu kisicho yeye. Katika *Mockingjay* hofu hiyo inatimia. Akiwa mateka, anadungwa sumu ya nyigu waliotengenezwa maabara, na kumbukumbu zake za Katniss zinachanganywa na hofu hadi, anapookolewa, anamkaba koo. Winston wa Orwell alilazimishwa kusaliti alichokipenda akijua kwamba anasaliti. Peeta ameondolewa ujuzi wenyewe. Hana tena penzi la kulisaliti. Inaelekea dola imeshinda kwa namna kamili zaidi.

Kinachofuata ndicho kiini cha trilojia. Askari mmoja katika kikosi chao, Jackson, anabuni mchezo: Peeta akumbuke jambo, aulize kama ni la kweli au si la kweli, na wenzake wajibu. Mchezo huo hauitegemei nafsi iliyojeruhiwa ijithibitishe yenyewe, wala hauitegemei kamera, ingawa karibu kila jambo la maisha yao limerekodiwa. Unategemea watu waliokuwapo. Katniss naye anamrudishia mambo madogo mno: kwamba ni mchoraji, kwamba hulala madirisha yakiwa wazi, kwamba hatii sukari katika chai. Mambo haya yana sifa moja. Hayakuwahi kumfaa mtazamaji yeyote. Katniss aliyajua kwa kuishi karibu na Peeta, bila hata kukusudia kuyajua.

Kwa hiyo trilojia inatofautisha hadhira na shahidi. Hadhira hutazama ili ipate. Shahidi alikuwapo, na anaweza kuulizwa. Hadhira hutaka dalili kubwa na hulipa kwa dalili hiyo. Shahidi huhifadhi mambo yasiyo na bei. Methali ya kikohozi nayo inasahihishwa kwa namna isiyotarajiwa. Penzi halijulikani kwa sababu limejitokeza lenyewe mbele ya umma, kwani umma unaweza kulilazimisha lijitokeze. Linajulikana kwa sababu kuna mtu anayeweza kumjibu mwenzake anapouliza. Katniss, aliyekuwa hajui moyo wake katika riwaya mbili, anaanza kuujua pale anapowekwa kuwa shahidi wa moyo wa mwingine. Ni jibu la kisiasa kwa swali la kidistopia: uhuru wa ndani, ambao Orwell aliufanya ngome ya mtu mmoja na kuubomoa, Collins anaufanya kazi ya watu wawili au zaidi.

6.0 Mahali Trilojia Inapoikimbia Hoja Yake

Sifa hizi hazifuti kasoro. Ya kwanza inamhusu Gale. Mtego wa mabomu yanayolipuka mara mbili, mara ya pili ikiwalenga wanaokuja kuokoa, unatokana na mawazo yake na ya mhandisi Beetee. Hajui kama bomu lililomuua Prim lilikuwa lao, wala Katniss hajui. Hapo palikuwa na swali gumu: je, inawezekana kumpenda mtu ambaye mantiki yake ya vita mtu anaielewa na kuihofia? Mwandishi anaukwepa mjadala huo kwa kumwondoa Gale na kumpa kazi katika wilaya ya mbali. Uamuzi wa kimaadili unafanywa uonekane kama uamuzi wa kimapenzi, na pembetatu inatatuliwa na bomu. Ni hapa tu ambapo lawama ya wahakiki ina haki: kisa cha mapenzi kimeisaidia siasa kutojibu.

Kasoro ya pili iko katika hitimisho. Katniss anamuua Coin badala ya Snow, anarudi katika magofu ya Wilaya ya 12, na Peeta anarudi na kupanda maua yenye jina la Prim. Wanatengeneza kitabu cha kuwakumbuka waliokufa. Hadi hapo mantiki ya ushahidi inaendelea, na kitabu kile, kisichorushwa hewani, ni kinyume cha Michezo. Lakini sura ya kufunga, inayoruka zaidi ya miaka kumi mbele na kuonesha watoto wawili wakicheza, inaifinyanga jumuiya ya mashahidi kuwa familia ya watu wanne. Panem mpya haionekani. Msomaji hapewi habari ya namna nchi iliyozoea kutazama itakavyojifunza kushuhudia. Inaweza kutetewa kwamba Katniss anakiri kuwa aliwakubali watoto kwa hofu na baada ya miaka mingi, na kwamba ndoto mbaya hazijaisha. Utetezi huo unamwokoa mhusika. Haumwokoi mwandishi, ambaye amehamisha mzigo wa jamii nzima kuuweka juu ya ndoa moja.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba kisa cha mapenzi katika trilojia ya *The Hunger Games* hakikubandikwa juu ya siasa. Kwa kuyafanya mapenzi yaamriwe badala ya kukatazwa, Collins ameondoa hakikisho ambalo distopia za kabla yake, na nyingi za baada yake, zililitegemea. Amebuni hali ambamo kusema ninapenda kunaweza kuwa hongo, kinga, silaha au ukweli, na ambamo msemaji mwenyewe huhitaji mwenzake ili ajue ni lipi. Pale alipoteleza, katika suala la Gale na katika sura ya mwisho, aliteleza kwa kuliacha swali hilo, wala si kwa kulijadili mno.

Kwa uhakiki wa Kiswahili kuna jambo la kuchukua. Fasihi yetu ina mapokeo yake ya nchi za kubuni zinazohoji utawala, kuanzia *Kusadikika* ya Shaaban Robert (1951) hadi *Walenisi* ya Katama Mkangi (1995), na hakuna anayesita kuzihesabu kazi hizo kuwa dhati. Karama wa *Kusadikika* anasimama mbele ya baraza na kujitetea kwa maneno. Anayajua mawazo yake, na shida yake ni kusikilizwa. Kijana wa leo, anayeishi mbele ya kamera ya simu aliyoinunua mwenyewe, ana shida nyingine. Anasikilizwa na kutazamwa kupita kiasi, na anapewa alama kwa kila hisia anayoionesha. Mwandishi wa Kiswahili atakayeiandika shida hiyo huenda akaiandika kwa umbo la hadithi ya mapenzi, kwa kuwa mapenzi ndipo mahali kijana anapoanza kuihisi. Ikiwa kigezo cha upendwa kitabaki kilivyo, kazi yake itawekwa kando kabla haijasomwa.

Hapadaiwi hapa kwamba kila hadithi ya mapenzi ina uzito. Kinachodaiwa ni kwamba swali la kuulizwa si kama kazi ina kisa cha mapenzi, bali kisa hicho kinajua nini kuhusu mamlaka. *Matched* na *Delirium* hazijui mengi, kwa sababu zimeyaweka mapenzi mahali ambapo mamlaka hayafiki. *The Hunger Games* inajua zaidi, kwa sababu imeyaweka mahali ambapo mamlaka yanayapigia makofi.